SOMO LA ROBO HII: Wakibaki wachache, je, wanaweza kuanza upya?





Kuna swali ambalo hutufikia kila tunapotembelea vigango, ingawa huja kwa sura mbalimbali. Kikundi cha akina mama kilianza na watu thelathini, leo wako saba. Kigango kilichokuwa kikijaa kila Jumapili kimebaki na wazee wachache na katekista wao, kwa kuwa vijana wamekwenda mjini. Mradi wa maji umefika mwisho wa ufadhili na kamati ya watu kumi na wawili imebaki na wanne wanaohudhuria vikao. Wote huuliza jambo moja: sisi tuliobaki, je, tunatosha?

Robo hii tumeamua kulichukua swali hilo na kulisukuma hadi mwisho wake kabisa. Tuseme dunia nzima imepatwa na janga, wakabaki watu ishirini au thelathini tu. Je, wataweza kuishi, kuzaa, kulea na kuijenga upya jamii ya wanadamu? Vijana wetu hulijadili sana wakitoka kuangalia filamu za mwisho wa dunia. Nasi wenye Biblia mkononi tunalijua tangu utotoni, maana safina ya Nuhu ilitoka na watu wanane tu. Tukumbuke pia lililofuata, ambalo mahubiri mara nyingi hulipita haraka: katika Mwanzo sura ya 9, huyo mwenye haki aliyeokoka gharika alipanda mizabibu, akalewa, na aibu ikaingia katika nyumba yake. Maji yalikuwa yamekauka, lakini matatizo ya watu wanane yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza.

Hatuna haja ya kubahatisha, kwa sababu jambo la namna hii limewahi kutokea, si kwa dunia nzima, bali kwa visiwa vidogo vilivyokuwa mbali na kila mtu. Tutatazama hasa kimoja, kisha vingine kwa ufupi.

WATU 27 KISIWANI PITCAIRN

Pitcairn ni kisiwa cha Bahari ya Pasifiki ya kusini, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Tahiti. Eneo lake lote halifiki kilomita za mraba 5. Habari yake inaanza na meli ya Kiingereza iliyoitwa Bounty, iliyotumwa Tahiti mwaka 1787 kuchukua miche ya mishelisheli. Shelisheli tunalifahamu, hasa watu wa pwani. Waingereza walitaka kuipanda katika visiwa vya Karibi ili wapate chakula cha bei nafuu cha kuwalisha watumwa. Kwa hiyo dhuluma ilikuwemo katika safari hii tangu siku ya kwanza.

Mwezi Aprili 1789 sehemu ya mabaharia, wakiongozwa na Fletcher Christian, walimwasi nahodha William Bligh, wakamshusha katika mashua pamoja na waliomtii. Waasi walijua adhabu yao ni kitanzi, hivyo wakatafuta mahali pa kujificha. Januari 1790 wakafika Pitcairn. Walikuwa Waingereza 9, na pamoja nao watu 18 wa visiwa vya Polinesia: wanaume 6, wanawake 11 na mtoto mchanga wa kike. Wengi wa wanawake hao hawakuulizwa kama wanataka kwenda. Wakaichoma meli ili isionekane, na kwa kuichoma wakawa wamejifungia wenyewe.

Tukiangalia kwa macho ya mtu wa mipango, mwanzo ulikuwa mzuri. Udongo ulikuwa na rutuba. Mishelisheli na minazi waliikuta kisiwani. Walikuja na nguruwe, mbuzi, kuku, viazi vikuu na viazi vitamu. Walikuwa na zana za chuma, mbao na shaba kutoka melini, na hakuna aliyekuwa mzee. Ingekuwa ni andiko la mradi, tungesema rasilimali zipo na nguvukazi ipo.

Sasa tazameni walivyogawana. Ardhi yote iligawanywa mafungu tisa, moja kwa kila Mwingereza. Wanaume sita wa Kipolinesia hawakupata hata kipande. Wakawa watumishi katika mashamba ya wenzao. Kila Mwingereza alikuwa na mke wake, na wale sita waliachiwa wanawake watatu. Kisha wake wa waasi wawili wakafariki, mmoja kwa kuanguka kwenye majabali akitafuta mayai ya ndege. Wajane hao wa kiume hawakukaa kuomboleza na kusubiri. Walichukua wanawake kutoka kwa wale sita, ambao tayari walikuwa na wachache.

Matokeo yake mwaka 1793 yalikuwa damu. Waingereza watano waliuawa, Christian akiwa mmoja wao. Baada ya muda mfupi wanaume wote sita wa Kipolinesia walikuwa wamekufa pia, kwa mikono yao wenyewe, ya wanawake na ya Waingereza waliobaki. Hawakuacha mtoto hata mmoja.

Mambo hayakuishia hapo. Mmoja wa waliobaki, William McCoy, alifaulu kutengeneza pombe kali kwa mizizi ya mmea wa kisiwani akitumia birika la shaba la meli. Sisi tungeiita gongo, na wenzetu wa Kenya chang'aa. Pombe hiyo ilimwangamiza. Alijirusha kutoka kwenye jabali. Mwenzake Matthew Quintal alikuwa tishio kwa kila mtu hadi wenzake wawili wakamuua kwa shoka mwaka 1799. Mwaka 1800 Edward Young alikufa kwa pumu. Akabaki mwanamume mtu mzima mmoja tu, John Adams.

Tufanye hesabu, kwa sababu ni hesabu inayosema. Wanaume 15 walifika. Miaka kumi baadaye 12 walikuwa wameuawa, mmoja amejiua, mmoja amekufa kwa ugonjwa na mmoja yu hai. Njaa haikumuua hata mmoja wao. Hakuna tufani wala mnyama mkali aliyewapata. Kila kitu ambacho watu huogopa wanapofikiria watu wa mwisho duniani kilikuwa mbali nao.

WANAWAKE WALIOJENGA

Vitabu vingi humsifu Adams kwa kilichofuata, na si vibaya. Young kabla ya kufa alimfundisha kusoma, na kitabu walichokuwa nacho ni Biblia ya meli. Adams akawafundisha watoto kusoma na kusali, akaamua magomvi yao, na aliishi hadi 1829. Meli ya Kimarekani iliyopita mwaka 1808 ilishangaa kukuta jamii ya watu karibu 35, wenye amani, vijana wake wakiongea Kiingereza na kuomba kabla ya kula.

Lakini sisi tunaomba wasomaji wetu wajiulize: katika miaka ile ya mauaji, nani alikuwa akilima? Nani alipika? Watoto zaidi ya ishirini walilelewa na nani wakati baba zao wanawindana porini? Ni wanawake wa Tahiti na visiwa jirani. Wao ndio waliojua mmea upi unaliwa na upi una sumu, jinsi ya kupika shelisheli kwa mawe ya moto ndani ya shimo, jinsi ya kuponda magome ya miti kuwa nguo baada ya nguo za melini kuchakaa. Mwaka 1794 walichoka kabisa, wakalazimisha itengenezwe mashua ili waondoke. Mashua ikapinduka pale pale ufukoni. Wakarudi majumbani, na kisiwa kikaendelea kuishi kwa sababu wao walibaki.

Tunalisema hili kwa sababu taarifa nyingi tunazopokea kutoka vigangoni zina jina la mwenyekiti ukurasa wa kwanza, na majina ya waliochota maji ya zege hayapo popote.

Na watu waliongezeka. Mwaka 1856 walikuwa karibu 200, kutoka kwa kina mama wale wachache na baba wachache. Kwa hiyo jibu la kwanza la swali letu ni ndiyo: kwa upande wa kuzaa, wachache wanaweza, na kwa kasi ambayo inashangaza. Kizazi cha tatu kilikuwa na lugha yake, mchanganyiko wa Kiingereza na Kitahiti, na kilikuwa na sheria zake. Mwaka 1838 sheria hizo ziliwapa wanawake haki ya kupiga kura na zikawalazimisha watoto wote kusoma shule. Nchi nyingi kubwa za wakati huo hazikuwa zimefika hapo.

WALIOWATANGULIA

Kuna jambo ambalo halisimuliwi mara nyingi. Waasi walipopanda juu ya kisiwa walikuta majukwaa ya mawe ya ibada, sanamu na zana za mawe. Watu walikuwa wamekaa pale kabla yao, na wakatoweka. Ile mishelisheli waliyoikuta ilikuwa imepandwa na mikono ya watu hao.

Wataalamu wa mambo ya kale wamechimba Pitcairn na kisiwa jirani cha Henderson na kuelewa sehemu ya kilichotokea. Henderson ni kisiwa cha matumbawe kisicho na mawe mazuri ya kutengenezea shoka. Wakazi wake walipata mawe kutoka Pitcairn, na chaza wa kutengenezea ndoana kutoka Mangareva, kisiwa kilichokuwa mamia ya kilomita upande wa magharibi. Mitumbwi ilikuwa ikienda na kurudi. Bila shaka na wachumba pia walikuja kwa njia hiyo. Kisha, karibu na mwaka 1500, mitumbwi ikakoma. Katika tabaka za juu za udongo vitu vya kutoka nje havionekani tena. Watu wanatengeneza zana kwa magamba yaliyopo kisiwani, duni kuliko za babu zao. Baada ya hapo hakuna kitu.

Hawa hawakuwa wajinga. Walikuwa mabingwa wa bahari, na wala hawakuwa wageni kama Waingereza wale. Kilichowapungukia ni mtumbwi wa jirani.

HABARI YA DAMU

Wazee wetu walikataza kuoana ndani ya ukoo, na Kanisa nalo lina kanuni zake kuhusu ndoa za ndugu. Sayansi inaeleza sababu mojawapo. Kila mtu hubeba ndani yake kasoro fulani za urithi zilizojificha. Kasoro nyingi za aina hiyo hazimdhuru mtoto isipokuwa amezirithi kwa baba na kwa mama pia. Ndugu wanapooana, uwezekano huo huwa mkubwa, kwa kuwa wote wawili wamechota kwenye kisima kimoja.

Mfano unaofahamika sana ni Pingelap, kisiwa kidogo cha matumbawe huko Mikronesia. Karibu mwaka 1775 tufani kubwa ilikipiga, ikaua wengi, na njaa iliyofuata ikamaliza wengine hata wakabaki kama watu ishirini, pamoja na mfalme wao. Walianza upya. Walizaa sana, wakapanda tena mimea yao ya chakula, kisiwa kikajaa. Lakini baada ya vizazi vichache walianza kuzaliwa watoto waliofumba macho mchana, wasiovumilia mwanga wa jua, wasioona rangi yoyote. Inaaminika kasoro hiyo ilibebwa na mfalme mwenyewe. Leo kati ya Wapingelap karibu mtu mmoja katika kila ishirini ana hali hiyo, wakati kwingineko duniani ni mtu mmoja katika watu 30,000 hivi.

Tungependa msomaji asiwaonee huruma haraka. Watu hao husuka, huimba, huongoza, na wengine wao ni wavuvi hodari wa usiku, maana macho yao huona vizuri pale ambapo yetu yanashindwa. Jamii iliwapa nafasi. Hata hivyo mzigo upo, na umebebwa kwa vizazi kumi kutokana na usiku mmoja wa tufani.

Wataalamu wa viumbe wana kanuni wanayoitumia kama kipimo cha kukadiria, iliyotolewa na Ian Franklin mwaka 1980: wanahitajika wazazi wasiopungua 50 ili kizazi cha karibu kisiharibiwe na kuzaana kwa ndugu, na 500 ili jamii iweze kukabiliana na mabadiliko kwa muda mrefu. Namba hizo zinabishaniwa hadi leo, wengine wakitaka ziongezwe. Pitcairn ilianza na watu wazima waliozidi kidogo tu nusu ya 50, na dhuluma ikaipunguza tena, kwani wanaume sita walinyimwa nafasi ya kuacha uzao. Hili si jambo dogo. Ubaguzi wa miaka mitatu ulikata theluthi moja na zaidi ya urithi wa upande wa wanaume.

Na idadi peke yake haisaidii kama muundo umeharibika. Mwezi Machi 2018, Sudan, faru dume wa mwisho wa jamii ya faru weupe wa kaskazini, alikufa katika hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya. Walibaki wawili, wote majike, mama na binti yake.

MLANGO ULIOFUNGWA NA MLANGO ULIOFUNGULIWA VIBAYA

Tuwarudie watu wa Pitcairn. Mwaka 1823 Adams aliona anazeeka, akaomba msaada kwa meli iliyopita: apatikane mtu wa kuwafundisha watoto. Baharia mmoja, John Buffett, akakubali kubaki, na mwenzake John Evans naye akabaki. Wote wawili wakaoa kisiwani. Tunaliona ombi hilo kuwa la busara kuliko yote aliyoyafanya mzee yule. Hakuomba nguo wala bunduki. Aliomba mwalimu.

Lakini mwaka 1831 serikali ya Uingereza, kwa nia njema, ikihofia kwamba maji hayatatosha, iliwahamishia wote Tahiti. Walikuwa watu wapatao 86. Miili yao haikuwa imewahi kukutana na maradhi ya huko. Katika miezi michache zaidi ya kumi walikufa, na waliobaki wakarudi kwao mwaka huo huo. Wafadhili wetu wapendwa, tunaomba muusome mfano huo mara mbili. Nia ilikuwa njema, fedha na meli vilikuwepo, na hatujaona popote kwamba waliohamishwa walipewa nafasi ya kweli ya kusema hapana.

Mwaka 1856 walihamishwa tena kwenda kisiwa cha Norfolk, na miaka michache baadaye baadhi ya familia zikarudi. Mwaka 1937 Pitcairn ilifikia watu 233. Leo ina wakazi wapatao 50 au pungufu, na imekuwa ikitafuta watu wa kuhamia.

Sasa tunafika mahali ambapo tungependa kunyamaza, lakini hatuwezi kuandikia kamati za parokia na kuliruka. Mwaka 2004 wanaume saba wa Pitcairn walifikishwa mahakamani kwa makosa ya kuwadhulumu kijinsia wasichana wadogo, mengine ya miaka mingi nyuma. Sita walipatikana na hatia, miongoni mwao kiongozi wa kisiwa. Rufaa yao ilikataliwa London mwaka 2006. Katika jamii ya watu hamsini, mtuhumiwa ni mjomba wa hakimu, nahodha wa mashua ya pekee, na jirani wa kila mtu. Msichana atamwambia nani? Ilibidi aje askari kutoka nje ndipo maneno yakatoka.

Kisiwa hicho hicho ndicho ambacho kwa miaka mingi kilitajwa katika mahubiri na majarida ya kidini kama mfano wa jamii iliyobadilishwa na Biblia. Biblia ilikuwepo kweli. Sala zilikuwepo kweli. Asiyekuwepo ni mtu wa nje ambaye mtoto angeweza kumwendea.

Mwanzo sura ya 19 ina habari inayofanana na hii, na huwa haisomwi sana kanisani. Binti za Lutu, wakiwa pangoni na baba yao baada ya Sodoma kuteketea, waliamini kwamba hakuna mwanamume aliyebaki nchini. Haikuwa kweli. Mji wa Soari ulikuwa karibu, walikuwa wametoka huko punde tu. Lakini pango liliwafanya waamini kwamba wao ndio wa mwisho, na yaliyotokea pangoni yalitokana na imani hiyo. Eliya naye, katika 1 Wafalme 19, alilalamika kwamba amebaki peke yake. Jibu alilopewa halikuwa la kumbembeleza. Alipewa orodha ya watu wa kuwaendea, akapewa Elisha wa kumsaidia na kumrithi, na akaambiwa wako wengine elfu saba asiowajua.

TUREJEE KWENYE KAMATI ZETU

Kuna neno ambalo sisi wenye miradi tunalipenda mno: kujitegemea. Kila fomu ya taarifa ina nafasi ya kueleza jinsi walengwa watakavyojitegemea ufadhili ukikoma. Hatulikatai neno hilo. Ila tunaona limeanza kueleweka kama kuichoma meli. Kamati inaambiwa: sasa mmekomaa, tunaondoka. Baada ya miaka mitatu pampu imeharibika, fundi aliyefunzwa amehamia mjini, na mweka hazina ni shemeji wa mwenyekiti.

Kutegemea fedha za mtu kila mwezi ni jambo moja, na kuwa na mtumbwi unaokwenda na kurudi ni jambo jingine kabisa. Watu wa kale wa Henderson hawakuwa ombaomba kwa Mangareva. Walikuwa na uhusiano. Kwa maoni yetu kikundi cha watu saba chenye uhusiano na vikundi viwili vya parokia jirani kina nafasi nzuri kuliko kikundi cha watu arobaini kilichojifungia. Gharama yake ni nauli ya daladala na unga wa ugali wa siku ya ziara, na tungefurahi kuiona katika bajeti zinazoletwa kwetu badala ya semina nyingine ya siku tano hotelini.

Jambo la ujuzi pia litazamwe. Kisiwa cha Tristan da Cunha, katika Bahari ya Atlantiki ya kusini, kilianzishwa mwaka 1817 na familia moja na wanaume wawili. Mwaka 1885 wanaume 15, karibu wote wenye nguvu kisiwani, walipanda mashua moja kwenda kubadilishana bidhaa na meli iliyokuwa ikipita. Hawakurudi. Kisiwa kikabaki cha wajane na watoto. Hivyo basi, waheshimiwa wanakamati, wenye saini za benki wote watatu wasipande gari moja kwenda kwenye mkutano wa jimbo, na anayejua kufungua pampu awe na wanafunzi wawili, mmoja wao msichana.

Kuhusu ugawaji, hatuna la kuongeza juu ya yale mafungu tisa. Kila kikundi kidogo kina watu wake sita wasio na fungu. Wakati mwingine ni wahamiaji, wakati mwingine ni vijana, wakati mwingine ni wake wa pili ambao tunaona aibu kuwaandika. Wapo kwenye kazi, hawapo kwenye mgao.

Maswali ya kujadili katika jumuiya na vikao

Someni kwanza 1 Wafalme 19, kuanzia Eliya anapokimbilia jangwani hadi anapomkuta Elisha akilima. Kisha kila mmoja aseme bila kukatizwa: katika kigango chetu, nani amebaki na nani ameondoka, na aliondoka kwa sababu gani? Msitaje sababu ya mji peke yake.

Ni nani kwetu anayefanya kazi bila kuwa na fungu?

Ujuzi gani uko mikononi mwa mtu mmoja tu? Andikeni jina lake, na jina la atakayeanza kufundishwa mwezi huu.

Mtoto au msichana wa hapa akitendewa uovu na mtu mwenye cheo kigangoni, yuko mtu gani wa nje anayeweza kumfikia bila kupita kwa mwenye cheo huyo? Kama jina halipatikani, kikao kisifungwe kabla halijapatikana, na namba ya simu ya mtu huyo ibandikwe mahali ambapo watoto wanapita.

Kwa wafadhili: mradi wenu ukifika mwisho wa ufadhili, ni nani ataendelea kwenda kuwasalimia, na mara ngapi kwa mwaka?

Makatibu waandike majibu kwa ufupi na kuyaleta kwenye kikao cha robo ijayo. Swali la nne lijibiwe kwa karatasi ya peke yake.